Kikapu cha Kahawa Kwenye Benchi la Presha

Jenista, wewe ndiye uliyeniambia niandike, kwa hiyo usilalamikie mwandiko. Niliishia darasa la nne, na peni hii inavuja. Siku ya kuniaga mlinipa kitenge na chupa ya chai, mwenyekiti wa kijiji akanisifu sana huku akikosea jina langu mara mbili. Nashukuru. Mambo ya cheo na mshahara siandiki, maana cha kwanza sikuwa nacho na cha pili hakikunifikisha mbali. Nitaandika juu ya mkanda wa presha, kikapu cha kahawa na mdogo wangu Adela. Mambo hayo matatu ni jambo moja. Wewe na wenzako mnaokuja mnatakiwa mlijue kabla hamjamfunga mtu mwingine mkanda mkononi. Leo naanza daftari hili, na Adela mwenyewe jambo hili halijui bado. Sijapata ujasiri wa kumwambia.

Siku ya kwanza nilifika zahanati, hapa hapa Nyabiyonza, nikiwa na jembe begani. Nilikuwa nimeambiwa kuna kazi, na kazi niliyoijua mimi ilikuwa ya jembe. Nesi aliyekuwepo aliitwa Konsolata. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, yeye akazaliwa huku. Mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Hilo jembe la nini?"

"Nimeitwa kazini, waitu," nikajibu kwa heshima.

"Kazi ya hapa ni kunawa mikono. Liache nje, unawe. Ukimaliza, unawe tena."

Nikafagia, nikachota maji, nikachemsha sindano zile za zamani za kioo. Miaka ikaenda hivyo. Konsolata alikuwa peke yake na watu wengi, na tabibu tuliyekuwa naye wakati ule alipenda mikutano kuliko wagonjwa. Siku moja akachoka kukimbia huku na huku, akanivuta ndani akafungua kisanduku cha chuma. Ndani kulikuwa na kipimo cha presha cha zebaki. Akanivika masikioni kile chombo cha kusikilizia, akajifunga mkanda yeye mwenyewe, akasema nipampu.

"Mlio ukianza, andika. Mlio ukikata, andika. Usiandike unachotaka, andika ulichosikia."

Mwezi mzima nilipima mkono wake mmoja tu, asubuhi na mchana, mpaka namba zangu na zake zikalingana. Ndipo akaniruhusu kugusa mgonjwa. Akanifundisha na masharti, nikayashika kama sala ya Baba Yetu: mtu aketi, aegemee, miguu iguse chini, asikunje nne, mkono ulingane na moyo, asiongee, awe amekwenda haja, awe amepumzika. Asiwe amevuta sigara. Asiwe amekunywa kahawa.

Hapo nikamkatiza. "Kahawa? Nani anakunywa kahawa huku?"

Hata yeye alicheka. Wakati ule ungezunguka kata nzima usipate kikombe cha kahawa. Tunailima, tunaivuna, tunaiuza, halafu tunakwenda kunywa chai.

"Kweli," akasema. "Hilo halituhusu. Liruke."

Nikaliruka. Sharti moja tu katika masharti yote, na nililiruka miaka yote ya kazi yangu.

Sasa wewe Jenista ulitoka kwenu Iringa, kwa hiyo nikueleze. Huku kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajapewa kahawa ya kutafuna. Akamwani, ndivyo tunavyoiita. Buni huchumwa kabla haijaiva sawasawa, huchemshwa na majani, huanikwa mkekani mpaka ikauke. Kumkaribisha mgeni ni kumpa hiyo kiganjani; anatafuna polepole, ndipo habari zinaanza. Kumwacha mtu ameketi kwako mdomo mtupu ni kumwambia kwamba hukumtarajia.

Benchi letu la presha lilikuwa hivyo, tupu. Watu wazima wanashuka kutoka milimani tangu alfajiri, wanaketi pale kama mizigo iliyosahauliwa. Iliniaibisha. Nikaleta kikapu kidogo chenye mfuniko, nikajaza akamwani, nikakiweka mwisho wa benchi. Konsolata hakutafuna vitu hivyo. Alisema, "Ninyi na mbegu zenu," akapita. Watu walifurahi. Benchi likachangamka, wazee wakaanza kuja na meno yao yaliyobaki tayari kwa kazi. Kwa jambo lile nilisifiwa kuliko kwa sindano zote nilizochemsha.

Kahawa ile ilitoka kwa Adela. Ameolewa Chonyonyo, na hakuna aliyechemsha akamwani kumshinda. Majani aliyotumia ni yale ya mama yetu, na hata mimi dada yake alinificha mojawapo.

Konsolata alizeeka, akahamia kwa binti yake kule Kyerwa, akafia huko. Kisanduku cha zebaki kilichukuliwa, tukaletewa mashine ya betri ambayo inafanya yote yenyewe. Niliichukia mwaka mzima. Baadaye nikaizoea, nikaiamini kuliko nilivyoyaamini masikio yangu, na hilo nalo lilikuwa kosa. Kliniki ya presha ikakua. Nilijua tabia za kila mtu. Kulikuwa na mama aliyemeza vidonge asubuhi ya kliniki tu, ili namba ipendeze, nami nilimjua kwa jinsi alivyokuwa na adabu kupita kiasi siku hiyo. Mzee mmoja, Ta Projesti, alikimbia mlima mzima ili awahi kurudi kwenye rubisi yake, halafu akashangaa kwa nini moyo unagonga. Nilimkalisha nusu saa kwa adhabu. Alikaa akitafuna kahawa, na namba yake ilipanda, nami nikamgombeza kwa pombe.

Kisha ikaja zamu ya Adela. Tulimpima, presha ipo. Tabibu akamwanzishia kidonge kimoja. Kwao Chonyonyo angeweza kuhudumiwa, lakini alisema atapimwa na dada yake, basi. Akawa anapanda kila mwezi, kitambaa kichwani, mfuko wa akamwani mkononi. Anajaza kikapu, anaketi, anachukua chache na kuwagawia wenzake. Nyumbani hakutafuna sana. Alisema anayepika hushiba kwa harufu. Kwenye benchi ndipo alipotafuna, maana pale alikuwa mwenyeji.

Mwezi wa pili mia na hamsini na nane. Wa tatu mia na sitini na mbili. Tabibu akaongeza kidonge. Bado mia na sitini. Akaongeza cha tatu. Tabibu aliandika kwa namba nilizompa mimi. Sikumlaumu jana, simlaumu leo.

Adela akaanza kulalamika. "Dada, nikiinama kupalilia halafu nikanyanyuka, migomba inazunguka."

"Ni presha hiyo."

"Si presha. Ni vidonge vyako. Kabla sijavianza migomba ilikuwa imesimama."

"Namba haidanganyi, Adela. Wewe ndiye unayedanganya. Unaviruka."

"Siviruki! Mawe, mama yangu! Njoo basi unipime kule kwangu, nikiwa nimetulia."

"Mashine haitoki zahanati."

Ilikuwa kweli, mashine haikuruhusiwa kutoka. Lakini ningeomba ningepewa. Sikuomba. Nilimwambia ameze mbele yangu, akameza, machozi yakimtoka kwa hasira, watu wa benchi wakitazama. Wiki ile ile alianguka shambani akachubuka uso. Nikasema ni uzembe wa kutembea bila viatu. Nilijulikana kwa ukali, na ukali huo niliuona ni sehemu ya kazi.

Mwaka huo tulipelekwa semina Rubwera, sisi na wenzetu wa Kyerwa. Afisa lishe mmoja, binti mdogo anayejua kazi yake, alichora ubaoni mpira wa maji. Akasema mshipa wa damu una ngozi laini ndani. Presha ikiwa juu miaka mingi, damu inaisugua ile ngozi, inaharibika, mshipa unakuwa mgumu kama mpira ulioachwa juani. Akasema tena mwilini mna kitu kama kutu kinachoongeza uharibifu, na kwamba vyakula vya rangi vina vitu vya kupunguza kutu hiyo. Mchicha, matembele, mapapai, pesheni, maharage mekundu, choya, parachichi. Vinaitwa antioksidanti. Neno hilo lilinichukua wiki kulitamka na bado naliogopa. Mtu mmoja akauliza kama kahawa imo. Binti akasema ndiyo, kahawa nayo inavyo.

Halafu akasema jambo la mwisho, akagonga ubao kwa chaki: chakula kinasaidia mshipa, hakichukui nafasi ya kidonge. Aliyeandikiwa vidonge ameze, halafu ale na hivyo. Na vile vya kwenye makopo msivikimbilie, havijaonyesha kwamba vinafanya kazi ya dawa.

Nililisikia sawasawa. Nikalipeleka kanisani Jumapili baada ya ibada, mchungaji akinipa nafasi. Nikaeleza mpira, nikaeleza kutu, nikataja vyakula kimoja kimoja. Nilipofika kwenye kahawa watu wakapiga vigelegele. Fikiria mwenyewe, umelima kahawa tangu babu, leo unaambiwa ni dawa ya mishipa. Walisimama, wakacheka, wakaanza kutoka. Nikapaza sauti, "Pamoja na vidonge!" nikiwa naiambia migongo yao. Somo lote nilikuwa nimelipanga kama mtu anayesuka mkeka, na ile ncha ya kufunga nikaiacha mwishoni, wakati watu wanavaa viatu.

Jumatatu nikakijaza kikapu mpaka mfuniko haufungi. Niliona sasa nina ruhusa ya kitaalamu.

Haikupita muda, akaja mtu na pikipiki na kipaza sauti, tai shingoni, anauza unga kwenye makopo. Kopo lina picha ya buni nyekundu na moyo. Sitaji jina la unga huo, na kwa sasa umeshabadilishwa jina. Anasema una antioksidanti, unasafisha mishipa, presha inakwisha, vidonge vya hospitali vinakausha damu. Wateja wake walishafundishwa kabla hajafika. Neno lile gumu walikuwa wamelisikia kanisani, kutoka kinywani mwangu.

Nilimkuta Adela kwake akiukoroga.

"Nini hicho?"

"Antioksidanti," akasema, na alilitamka vizuri kuliko mimi. "Si ni wewe uliyetuambia?"

"Nilisema pamoja na vidonge!"

"Nameza na vidonge. Wewe unapenda kugomba tu. Keti, nikupe akamwani."

Nikaketi, nikatafuna, nikamwamini. Kwa nini siku hiyo nilimwamini, wakati miezi yote aliposema kweli nilimwita mwongo? Nafikiri ni kwa sababu alisema nilichotaka kusikia. Konsolata alishanionya juu ya hilo siku ya kisanduku.

Kliniki iliyofuata namba yake ilikuwa ile ile ya siku zote, juu, kwa hiyo sikuona tofauti. Na yeye alisema kizunguzungu kimekwisha, anapalilia mpaka jioni. Alifurahi. Nilidhani mwili umezoea dawa.

Asubuhi moja mkwe wake Edina alinipigia simu. Adela alikuwa anamenya ndizi, kisu kikaanguka. Akakiokota, kikaanguka tena. Akacheka, na mdomo ukacheka upande mmoja. Walimkalisha kwenye bodaboda katikati ya dereva na Edina, wakamfunga kwa kanga asidondoke, wakampeleka hospitali. Nilipofika alikuwa ananitazama kwa jicho moja kali kama kawaida yake, na maneno yamegeuka uji.

Nilikwenda kwake kumchukulia nguo. Chini ya kitanda kulikuwa na makopo matatu, mawili matupu. Vidonge nilivikuta kwenye mtungi wa mbegu za maharage, vya miezi miwili, havijaguswa, vimepangwa vizuri. Adela hakutupa kitu maishani mwake.

Kata nzima ilimlaani mwenye pikipiki, nami nililaani kwa sauti kuliko wote. Ilinisaidia. Aliyefanya alikuwa anajulikana, ana tai.

Ndipo ukaja wewe, Jenista, kuanza kazi zahanati. Siku yako ya pili tu, nakumbuka, ulisimama mlangoni ukitazama benchi.

"Bibi, shikamoo. Hawa wanatafuna nini?"

"Marahaba. Kahawa."

"Kahawa yenyewe? Buni?"

"Buni. Karibu, chukua."

Hukuchukua. Ulisema taratibu, kwa adabu, na ningependa ungenitukana: "Halafu bibi unawapima hapo hapo?"

Tulikiondoa kikapu mwezi mmoja. Tukawakalisha watu mdomo mtupu, wakanung'unika sana, Ta Projesti akauliza nani amekufa. Tukapima mara mbili kila mtu. Wengine namba hazikubadilika hata kidogo, niwe mkweli. Wengine zilishuka. Ta Projesti ilishuka mpaka nikamwomba radhi kwa pombe yake, na akaitangaza radhi hiyo kijiji kizima. Uliniambia kahawa si adui, na kwamba binti wa Rubwera hakusema uongo. Inaweza kuwa na kitu chema kwa mshipa na bado ikapandisha namba kwa saa chache, hasa kwa asiyeizoea kila siku. Kwa hiyo mtu asiitumie nusu saa kabla ya kupimwa, na zaidi ya hapo ni bora. Ni lile sharti nililoliruka.

Nilichukua kadi ya Adela nikaenda nayo nyumbani. Nilijua kusoma namba kuliko nilivyojua kusoma barua, na namba zile zilisomeka. Yeye na mlima wake na kahawa ya mwenyeji kinywani, mimi na mashine yangu. Labda kidonge kimoja kilimtosha. Namba za benchi zikamletea cha pili na cha tatu, vidonge vitatu vikaizungusha migomba, migomba ikamfundisha kuchukia vidonge, na aliyevichukia akauziwa kopo. Mwenye tai alikuta mlango uko wazi. Aliyeufungua ni mimi, kwa ukarimu. Presha alikuwa nayo, ndiyo, na kiharusi huenda kingekuja hata hivyo. Wewe unaniambia hivyo kila mara. Sema, lakini mimi niliiona kadi.

Basi shikeni haya. Sharti msiloliona maana yake msiliruke, liulizeni kwa lugha ya mahali. Msiulize mtu amekunywa nini, ulizeni kinywani ana nini. Mpimeni mara mbili. Akisema anaona kizunguzungu akinyanyuka, mpimeni akiwa amesimama, na mwaminini kwanza, mkatae baadaye. Mkifundisha chakula na mishipa, anzeni na kidonge, katikati kidonge, mwisho kidonge, na mchicha upite humo katikati. Msingoje watu wavae viatu.

Niliandika mpaka hapa nikaliweka daftari wiki mbili. Niliona haiwezekani ninyi mlijue jambo hili na Adela asilijue. Tangu nistaafu nilikuwa nampima kila asubuhi kwa mashine ndogo mliyonichangia baadaye, maana sasa nimemleta kwangu, namwogesha, namlisha. Maneno yamemrudia, yanatoka moja moja. Anameza kidonge kimoja kwa siku na presha imetulia. Kimoja.

Nikamwambia. Nilimwambia yote tukiwa jikoni, kikapu, benchi, vidonge vitatu, na kwamba alisema kweli nami nikamfanya ameze akilia mbele za watu. Nilipomaliza alitumia mkono wake mzima kuufungua mkanda niliokuwa nimemfunga, akauweka mezani, akausogeza kwangu.

Tangu siku hiyo anakubali kula kwangu, kulala kwangu, kuogeshwa na mimi. Kupimwa na mimi hataki. Ndiyo sababu nimekuomba, Jenista, upitie kwetu ukienda kazini, na hukuniuliza kwa nini. Sasa unajua.

Leo asubuhi ulipokuwa ndani naye nilisimama nje ya mlango kama kawaida, nikashindwa kunyamaza. Nikaita, "Muulize kwanza kama ametafuna!"

Hukuwa na haja ya kumuuliza. Alisikia. Akajibu mwenyewe, neno moja moja, kwa mdomo ule wa upande:

"Mwambie... leo... sijakaribishwa."